Tunanunua Paneli, Hatununui Kiungo

Ukitaka kujua kama jengo limejengwa kwa akili au kwa kelele, wachana na mlango wake mkubwa wa kioo. Zunguka uende kwenye kona. Ikiwa kona ni ya mviringo, bora zaidi. Hapo ndipo paneli mbili zinakutana juu ya mpindo, hapo ndipo fundi aliambiwa "maliza tu," na hapo ndipo maji yataingilia mvua ikifika.

Dai langu ni fupi, na nitalisema mapema ili asiyetaka kubishana aende zake. Huku kwetu Homa Bay na Migori tunanunua paneli, hatununui kiungo. Tunalipia bati linalong'aa kwa kila mita ya mraba. Kile kitu kinachofanya bati moja likutane na lingine bila kuvuja, yaani jointi, tunataka kije bure, kama mfuko wa plastiki dukani enzi zile kabla ya marufuku ya 2017. Kikivuja tunasema mafundi wa huku hawajui kazi. Huo ni uongo, na kuna watu unawalipa.

Tembea Homa Bay kutoka steji kuelekea ziwani. Au shuka matatu Migori, kwenye barabara kuu inayoenda hadi Isebania. Tangu ugatuzi uanze 2013 hela zimeshuka kaunti, na pamoja na hela zimeshuka majengo yenye sura ya Nairobi: hoteli, plaza, ofisi, vituo vya mafuta. Mengi yanavaa koti lile lile, paneli za alumini. Mafundi wanaziita Alucobond hata zikiwa zimetoka kampuni nyingine kabisa, vile kila sabuni ya unga nyumbani ni Omo.

Koti lenyewe halina maajabu. Ni ngozi mbili nyembamba za alumini, na katikati kuna tabaka la plastiki au la mchanganyiko wa madini. Unene wa kawaida wa yote pamoja ni milimita 4. Ukubwa wa kawaida ni milimita 1220 kwa 2440, sawa tu na plaiwudi. Na inakuja bapa. Lishike hilo neno, bapa, kwa sababu huko ofisini msanifu anachora kwa kompyuta, na kwenye kompyuta ukuta unapinda kwa kubonyeza mara moja. Mwenye jengo anaonyeshwa picha, anaipenda, anasema, "Hiyo raundi hapo mbele ndiyo inanibamba." Anasaini. Kati ya picha inayopinda na bati lisilopinda, anabaki mtu mmoja juu ya jukwaa la miti ya mikaratusi, ghorofa ya tatu, na grainda mkononi. Huyo ndiye anaachiwa kutatua tofauti.

Nimefanya kazi chini ya mtu kama huyo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma kupatikana, na kati ya makala moja na nyingine nimekula mjengo. Nimebeba fremu, nimeshika ngazi, nimebandika utepe kando ya mifereji ya silikoni mpaka vidole vikashikana. Mimi si injinia. Lakini injinia hakuwa pale juu, mimi nilikuwa.

Ebu tufanye hesabu kidogo, usikimbie. Chukua kona ya robo duara ambayo kutoka kitovu hadi ukutani ni mita 1.5. Urefu wa huo mpindo ni kama mita 2.36. Ukiufunika kwa paneli bapa zenye upana wa karibu milimita 600, zitatosha nne. Lakini katikati ya kila paneli, ubapa na mviringo zinaachana kwa milimita 30. Mtu wa bodaboda anaona akiwa barabarani: hiyo si duara, hiyo ni penseli ya shule. Sasa punguza upana uwe 300. Zinakuwa paneli nane, na ile tofauti inashuka hadi milimita 7.5. Jicho linadanganyika, mviringo umepatikana. Lakini angalia ulichonunua. Viungo kati ya paneli na paneli vilikuwa vitatu, sasa ni saba. Umekata upana nusu, kasoro imeshuka robo, viungo vimezidi mara mbili. Mviringo unalipiwa kwa viungo, na kila kiungo ni mfereji ambao mvua itajaribu kuingilia.

Kuna njia nyingine, kupinda paneli yenyewe. Unaipitisha kwenye mashine ya rola tatu, ama unachimba mifuo nyuma yake ili ikubali kukunjika. Ikipinda upande mmoja tu, kama mkeka unaokunjwa, inakubali. Ukitaka ipinde pande mbili kwa pamoja, kama ngozi ya mpira, inakataa. Jaribu kufunika chungwa kwa karatasi bila kuacha kunyanzi hata moja, utanielewa. Hata ile iliyokubali haijasahau kwamba ilizaliwa bapa. Ikilazimishwa tu kwa skrubu bila kupindwa vizuri kwanza, kingo zake zinataka kunyooka. Na kingo ndipo kiungo kilipo. Kiungo kinashikilia bati linalotaka kwenda nyumbani.

Ongeza jua. Alumini hurefuka kama milimita 2.4 kwa kila mita joto likipanda nyuzi 100. Tuseme kati ya alfajiri na saa nane mchana uso wa paneli umepanda nyuzi 40, jambo la kawaida kabisa kwa bati la rangi nyeusi lililoelekea jua la ziwani. Paneli yako ya milimita 2440 imerefuka kwa milimita 2.3. Usiku inarudi. Kesho tena. Kiungo kizuri kinapumua na hilo bati kila siku kwa miaka, bila kupasuka.

Ndiyo maana kiungo kina sheria zake, na zinajulikana. Unaacha nafasi iliyopimwa. Unasukuma ndani kamba ya sponji ili silikoni isiende chini kabisa. Silikoni inashika pande mbili tu, kushoto na kulia. Ikishika na sakafu ya mfereji pia, haiwezi kunyooka, itapasuka. Kina chake kiwe kama nusu ya upana. Kingo zisafishwe vumbi na mafuta kwanza. Na isiwe ile silikoni ya bei rahisi yenye harufu ya siki. Hiyo ina kazi zake kwenye vioo, lakini haipatani na saruji wala na chuma kilichopakwa zinki.

Kwenye ukuta ulionyooka, hayo yote yanawezekana hata na mtu aliyechoka. Kwenye ukingo uliopinda, mfano pale juu ya mlango ambapo paneli inakatwa kwa upinde kufuata kivuli cha baraza, mambo yanageuka. Grainda ikishikwa kwa mkono, nafasi inatoka milimita 5 huku mpaka 25 kule. Penye 5 silikoni inakatika kwa sababu haina upana wa kunyookea. Penye 25 inalegea na kuning'inia kama kamasi. Kupata nafasi moja kutoka mwanzo wa upinde hadi mwisho kunataka kigezo cha plaiwudi, kunataka kujaribu, kushusha, kuparua, kupandisha tena. Kwa lugha nyingine, kunataka siku. Na siku ndizo hazimo kwenye kwotesheni.

Hapa sasa ndipo ugomvi wangu ulipo. Soma kwotesheni ya hizi kazi. Utaona paneli kwa mita ya mraba, fremu kwa mita ya mraba, leba kwa mita ya mraba. Kiungo hakina mstari wake. Kipo ndani ya kitu kinaitwa "na vifaa vingine," pamoja na skrubu na chai. Kontrakta anampa mwingine kazi, huyo mwingine anampa fundi, na kila mmoja anamega kidogo. Hakuna anayeweza kumega paneli, kwa sababu paneli inahesabika. Ukikosa moja kuna shimo ukutani na mwenye jengo ataliona. Kinachomegeka ni kile kisichoonekana: kamba ya sponji, silikoni nzuri, siku mbili za kuparua.

Nililiona kwenye jengo moja Homa Bay ambalo sitalitaja. Fundi wetu alikuwa mtu mzima, sote tukimwita jaduong', na alikuwa amefanya paneli Kisumu na Nairobi kabla ya kurudi nyumbani. Tulipofika kwenye kona ya mviringo akamwambia msimamizi kwamba hiyo sehemu inataka siku mbili zaidi na boksi moja la kamba ya sponji.

"Jaduong', reti ni moja," msimamizi akasema. "Raundi na bapa ni mita zile zile."

"Mita ni zile zile, lakini viungo si vile vile."

"Jaza silikoni ya kutosha. Nani atapanda huko kuangalia?"

Mvua ilipanda kuangalia. Masika yalipofika maji yalipita kwenye ile kona, yakateremka nyuma ya paneli polepole kama mtu anayejua njia, yakatokea kwenye dari ya duka la simu chini. Mwenye duka akalia, mwenye jengo akafoka, na mwisho wa hadithi pesa ya mwisho ya jaduong' ikakatwa kulipia dari. Yule aliyekataa boksi la kamba ya sponji hakukatwa hata shilingi. Ati fundi hajui kazi.

Hilo neno, "fundi hajui," ndilo linalonikera kuliko maji yenyewe. Wanaolisema wamekaa kando ya Ziwa Victoria, mahali ambapo kuunganisha vipande vinavyopinda ili maji yasiingie ni kazi ya kila siku.

Nenda Mbita, au ufuo wowote ambapo mashua zinaundwa. Angalia fundi akipandisha mbao juu ya mkuku na mbavu. Kila ubao unapinda kutoka mbele kwenda nyuma, na ukingo wake wa chini lazima ufuate mpindo wa ubao uliotangulia. Anaulaza, anachora, anauondoa, anaranda, anaurudisha, anatazama mwanga unaopita katikati, anaranda tena. Mwanga ukikaribia kwisha, anapigilia. Kisha anasindika pamba kwenye kiungo kwa patasi butu, na mara nyingi ukanda wa bati unapigiliwa juu yake. Kisha mashua inaingia majini, na ziwa linakagua siku hiyo hiyo. Haliombi makaratasi wala chai.

Sasa niambie, huyo fundi na wa paneli wana tofauti gani ya akili? Pengine ni ndugu. Pengine ni mtu yule yule, msimu wa samaki ukiwa mbaya anapanda jukwaani mjini. Tofauti iko kwenye kinachonunuliwa. Hakuna mvuvi ananunua mashua kwa mita ya mraba ya mbao. Mvuvi ananunua ukavu. Akikuta maji ndani, halipi, na hakuna porojo. Kwa hiyo bei ya mashua imebeba kiungo ndani yake tangu mwanzo, pamoja na ukweli mwingine ambao mjini hatutaki kuusikia, kwamba pamba itaoza na kiungo kitafunguliwa na kusindikwa upya. Mvuvi anajua hivyo siku anayonunua. Mwenye plaza anadhani silikoni ni ya milele.

Kama mashua zinakuona mdogo, twende Migori tukaone kitu kikubwa zaidi. Kaskazini-magharibi ya mji, huko Nyatike, kuna Thimlich Ohinga. Ni maboma ya mawe yaliyoanza kujengwa yapata karne ya 16, yakakaliwa na jamii mbalimbali, kizazi baada ya kizazi, mpaka karne ya 20. UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2018. Kuta zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa wastani wa mita moja. Hakuna saruji, hakuna udongo wa kushikiza, na mawe hayakuchongwa. Na kuta zote zinapinda.

Watu wanapiga picha pale, wanaandika "mababu zetu walikuwa noma," wanaenda. Mimi naomba usimame karibu na ukuta uangalie namna ulivyoshikana. Kuna uso wa nje wa mawe makubwa, uso wa ndani wa mawe makubwa, na katikati mawe madogo yanayofunga hizo nyuso mbili zisiachane. Penye hatari ya ukuta kusukumwa, wameweka egemeo la mawe. Ukuta mzima ni viungo. Jiwe lenyewe halina thamani, limeokotwa. Thamani yote iko kwenye namna lilivyokaa juu ya mengine mawili. Na mpindo unausaidia ukuta kusimama, kwa sababu ukuta mrefu ulionyooka ni rahisi kuangushwa kuliko ule unaojipinda.

Na ule ukuta haukusimama miaka yote hiyo peke yake. Waliohamia walikuta mawe yameanguka, wakayarudisha. Kila kundi lililoingia lilikarabati kazi ya lililotangulia. Kwa hiyo anayesema Thimlich imedumu kwa sababu ya "siri ya wazee" anakwepa jambo la wazi. Imedumu kwa sababu kuna watu walilipa viungo kwa muda wao, wakaendelea kulipa.

Najua jibu linalokuja. Ati huyu dogo anataka turudi kwenye mawe na nyasi. Hapana buda, sitaki. Mimi napenda ghorofa, napenda mji wangu uwe na sura. Na kama ni historia, basi tuiseme yote, kwa sababu kuna sehemu yake inayoniunga mkono vizuri zaidi.

Nyumba ya Mjaluo ilikuwa ya msonge, ukuta wa duara na paa la nyasi lenye ncha. Nyasi hazina tatizo na duara, ni nyuzi elfu zinazolaliana. Kisha yakaja mabati. Bati la migongo linazuia maji kwa sababu mgongo wa bati moja unakalia mgongo wa jirani yake, na hiyo inawezekana tu mabati yakiwa sambamba. Kwenye paa la msonge hayawi sambamba. Lazima kila bati likatwe pembetatu, na migongo inakutana kwa pembe. Haikaliani tena. Kila mkutano ni tundu, na nusu ya bati ulilonunua imebaki chini kama takataka. Misheni, shule na fasheni zilichangia nyumba kuwa za pembe nne, sikatai, lakini bati nalo lilikuwa na hoja yake, na hoja yake ilikuwa kwenye kiungo.

Babu zetu walisikiliza. Waliangalia bati, wakaangalia duara, wakaona hizi mbili hazitaungana bila gharama wasiyoiweza, wakabadilisha umbo la nyumba. Unaweza kuhuzunikia msonge, mimi nauhuzunikia. Lakini ule ulikuwa uamuzi wa watu wazima. Sisi tunachukua bati bapa na duara, tunakataa kubadilisha umbo, tunakataa kulipa gharama, halafu tunashangaa dari likidondoka.

Na maji ndiyo shida ndogo. Usiku wa 14 Juni 2017 moto ulipanda jengo la Grenfell Tower, London. Watu 72 walikufa. Uchunguzi rasmi ulisema sababu kuu ya moto kupanda ukuta haraka vile ilikuwa paneli za alumini zenye plastiki ya polithini katikati. Uliona pia kwamba moto ulizunguka jengo zima kupitia taji la urembo lililokuwa juu kabisa, na kwamba nyuma ya paneli kulikuwa na uwazi ambao vizuizi vyake vya moto havikuwekwa sawasawa. Fikiria sasa kona ya mviringo huku kwetu. Fremu nyuma yake mara nyingi ni mirija iliyonyooka, na mbele yake paneli zinapinda. Kwa hiyo uwazi ule unapanuka pale kwenye mpindo. Unakuwa bomba la moshi kutoka duka la chini hadi ghorofa ya juu. Aliyeacha kiungo wazi kwa maji amekiacha wazi kwa moto pia.

Kenya haikosi sheria. Tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi tangu sheria ya 2011, tuna Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilizochukua nafasi ya zile za 1968. Lakini mkaguzi anaangalia nguzo na slabu, na ni haki, kwa sababu hizo zikianguka zinaua watu mchana peupe. Kiungo kinasubiri. Kwa hiyo anayelipa ndiye inabidi adai, awe mwenye plaza au awe wewe na mimi kupitia kodi, maana majengo ya kaunti nayo yanapenda kuvaa koti.

Tudai nini? Si mambo makubwa.

Kwanza, kiungo kiwe na mstari wake kwenye ile orodha ya gharama wanayoiita BQ. Kihesabiwe kwa mita ya urefu, na mita ya kiungo kinachopinda iwe na bei yake, tofauti na kilichonyooka. Siku utakayokipa bei ndiyo siku kitaacha kumegwa, kwa sababu sasa kikikosekana kuna mtu wa kuulizwa.

Pili, kichorwe. Mchoro wa jengo zima uko kila mahali, umebandikwa mpaka kwenye uzio. Mchoro wa kiungo kimoja kwa ukubwa wake halisi, ukionyesha nafasi, kamba, silikoni na fremu, haupo. Fundi anaubuni kichwani juu ya jukwaa, na akikosea ni yeye.

Tatu, kona moja ijengwe chini kwanza, kama mfano, imwagiwe maji kwa mpira kwa muda wa maana, na iangaliwe nyuma. Plamba hafuniki mabomba kabla ya kuyajaza maji ayapime. Kwa nini paneli ziaminiwe kwa macho? Na kazi ikiisha, ukuta wenyewe umwagiwe maji hivyo hivyo kabla ya malipo ya mwisho. Ukivuja sasa, fundi na kontrakta wako bado hapa, jukwaa bado limesimama. Ukivuja Aprili, yuko fundi peke yake.

Nne, yule anayeuza paneli aonyeshe kwa karatasi kilicho katikati ya ngozi mbili. Plastiki tupu isipande kwenye jengo la ghorofa ambapo watu wanalala. Hili sioni hata kwa nini tunalijadili.

Tano, na hili ni kwa yule asiye na hela za hayo manne: piga plasta. Saruji inapinda vizuri, na fundi wa plasta mwenye kigezo cha mbao anakuzungushia kona nyororo bila kiungo hata kimoja cha silikoni. Ikipata ufa unaiziba, unapaka rangi, maisha yanaendelea. Haitang'aa kwenye picha ya droni. Lakini duka la simu chini yake litakuwa kavu.

Hiyo ya droni inatuhusu sisi moja kwa moja, vijana tunaosambaza zile video za "Homa Bay si ya kitambo." Sisi ndio soko la huo mng'ao. Msanifu anachora mpindo kwa sababu mteja anautaka, na mteja anautaka kwa sababu sisi tutaupigia makofi. Hakuna anayesambaza picha ya kiungo. Basi tuanze. Mvua ikikatika, toka nje uangalie chini ya kona za hayo majengo. Utaona michirizi myeusi inashuka kutoka kwenye jointi, kama wanja uliolia. Kila mchirizi ni siku za kazi ambazo mtu alikataa kulipia. Piga hiyo picha.

Duara ni yetu. Imo kwenye boma la Thimlich, imo kwenye ghala la nyanya, imo kwenye tumbo la mashua. Sipingi mtu kuiweka mbele ya plaza yake. Ila kabla hajasaini, ashike ile karatasi, aweke kidole juu yake, amuulize kontrakta swali moja: kiungo kiko mstari gani hapa, na ni pesa ngapi kwa mita? Akianza kukohoa, amwambie apige plasta.